Ufunguzi wa Mlango wa Kituo cha Utulivu wa Akili, Kijiji cha Sebzor

Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti wa Kamati ya Wilaya ya Utulivu wa Nafsi, Lishe Bora na Usingizi wa Kutosha, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Kaimu Mwenyekiti wa Kamati hiyohiyo, ambaye tangu Jumatatu ni mimi pia. Waheshimiwa wakuu wa idara kumi na moja ambao wako njiani na walikuwa njiani hata mwaka jana. Mheshimiwa Mwalimu Mkuu. Mheshimiwa Mganga wa Mifugo, ambaye leo anamwakilisha daktari wa binadamu. Wazee wetu wenye ndevu, na wenzao ambao ndevu zao ziko kwenye mchakato. Akina mama wa Sebzor, mama zangu, kwa maana mimi ni mtoto wa hapahapa. Madereva wote, hususan wangu. Na wananchi wengine wote ambao itifaki haikuwataja kwa sababu itifaki ina kurasa mbili tu: salamu!

(Makofi. Yameanzishwa na dereva wa Mheshimiwa, Bwana Qimmat, na kumalizwa na yeye mwenyewe. Mimi Tolibsho, katibu wa kijiji, nimeagizwa niandike kila neno na kila kelele ya mkutano huu, nisiongeze wala nisipunguze. Haya, nitaandika.)

Ndugu wananchi, kabla sijaingia kwenye kiini cha hotuba, na kiini chenyewe kina kurasa kumi na nne, niseme kwamba nimepokewa vizuri mno. Nimevishwa majoho matatu, moja juu ya jingine, juu ya suti yangu, kwenye jua hili la Julai, na jasho mnaloliona usoni pangu ni jasho la heshima. Nimepigiwa matari. Kisha mabinti wawili wakaniletea sinia la mkate na chumvi, kama sisi Watajiki tunavyompokea mgeni tangu enzi za mababu, nami nikanyoosha mkono niumege mkate, nikakuta chumvi. Chumvi peke yake, jamani! Nimeilamba, naam, nimeilamba mbele ya halaiki kwa sababu mimi ni mtu wa watu, lakini nauliza, kwa nia njema kabisa ya kiutawala, mkate uko wapi?

(Bi Sadbarg, mjane wa miaka sitini na minane aliyeketi mstari wa mbele, amejibu bila kuinuka: "Mkate tuutoe wapi, mwanangu? Tanuri si mlilivunja wenyewe? Ulikuwapo wa mjini, wa jana, tukaona aibu kumpa mgeni mkate wa jana." Kicheko upande wa wanawake. Upande wa wanaume wamekohoa.)

Asante sana mama kwa mchango wako wenye tija. Niliweke jambo hili sawa kitaalamu. Kukosekana kwa mkate kwenye sinia ni kiashiria chanya kwamba semina yetu ya lishe ya mwezi Machi imeeleweka hadi ngazi ya chini kabisa ya jamii, yaani hapa, kwani mkate una wanga, na wanga, kwa mujibu wa jedwali ambalo sikuja nalo, ni kisababishi. Ndugu katibu, andika: Sebzor imepunguza wanga kwa asilimia mia moja.

(Nimeandika.)

Sasa tuingie kwenye mada. Afya ni nini? Na akili timamu, je, inatoka wapi, inakwenda wapi, na nani aliiidhinisha? Wataalamu wa Kamati yangu walikaa kwenye semina siku nane, mahali penye chemchemi za maji moto, wakayatafakari maswali haya wakiwa ndani ya maji hadi shingoni, na walipotoka walitoka na jibu ambalo litaandikwa kwenye historia: afya inategemea mambo. (Makofi. Qimmat.) Mambo hayo tumeyaita Mihimili Saba ya Utulivu, na leo nitaitaja yote tisa.

Mhimili wa kwanza ni usingizi. Binadamu anahitaji saa nane za kulala mfululizo, pasipo kukatizwa na mtoto, mkwe wala ndama. Utafiti umeonyesha kwamba akina mama wa Sebzor huamka alfajiri kukamua ng'ombe, jambo linalovuruga mfumo mzima wa utulivu, na kwa hiyo Kamati imeelekeza kwamba kuanzia robo ijayo ya mwaka ng'ombe wote wa kata hii wakamuliwe saa nne asubuhi. Mganga wa Mifugo atawafikishia taarifa ng'ombe wenyewe.

(Mganga wa Mifugo amesema: "Nani, mimi?")

Mhimili wa pili ni mazoezi ya viungo, na hapa naomba nijisifu kidogo, kwa sababu nisipojisifu mimi nani atanisifu, mkuu wangu ni mimi. Mwaka jana mwanamke wa kawaida wa Sebzor alikuwa akitembea hatua mia tatu kwa siku kwenda tanurini na kurudi. Mia tatu! Aibu tupu. Leo hii, baada ya Kamati kuliondoa tanuri la kijiji, mwanamke huyohuyo anatembea kilomita saba hadi mjini kufuata mkate na kilomita saba kurudi, mara tatu kwa wiki, kupanda na kushuka, wakati mwingine amebeba mtoto. Hakuna programu ya mazoezi katika milima hii yote iliyofikia mafanikio hayo, na hatukununua hata mpira mmoja.

(Bi Oymo, jirani yangu, amepaza sauti: "Na magoti yangu je, yako kwenye mhimili wa ngapi?" Kicheko kikubwa. Mheshimiwa amesubiri kiishe, akidhani ni makofi.)

Magoti yapo kwenye kiambatisho. Mhimili wa tatu ni hewa safi. Na hapa, ndugu zangu, nazungumzia suala hilo la tanuri kwa uwazi na ukweli, maana naona limewakaa kooni. Mwezi Aprili Kamati ilituma tume ya watu wanne kutathmini visababishi vya maradhi ya akili katika kijiji hiki. Tume ilifika siku ya Ijumaa. Ikakuta nini? Ikakuta tanuri moja la udongo, wanawake kumi na moja, unga umetapakaa, na sauti. Nanukuu ripoti: "Tume ilibaini uwepo wa moshi, joto kali na mazungumzo yasiyo na ajenda. Wahusika walizungumza kwa saa tatu bila mwenyekiti." Mwisho wa kunukuu. Saa tatu bila mwenyekiti! Mimi mwenyewe niliposoma pale nilikaa chini. Isitoshe, kwenye kishubaka cha ukuta wa tanuri tume ilikamata mihuri kumi na mitatu ya mbao, ile yenye vijiti vya kutobolea mkate, kila mwanamke na wake, kila mmoja na nakshi yake, na hakuna hata mmoja uliosajiliwa wilayani. Mtu anagonga muhuri kila wiki kwenye mkate, mbele za watu, bila mamlaka yoyote. Tulifanya nini? Tulichukua hatua. Tulilivunja tanuri siku ileile, kwa nyundo mbili, na papo hapo tukatenga eneo hilo kwa ajili ya mradi huu mkubwa uliotukutanisha leo.

(Bi Sadbarg: "Mihuri ilikuwa kumi na minne. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akioka pale. Wewe umekua kwa mkate wa tanuri lile, tena ulikuwa unaiba ukiwa bado wa moto, ukaungua ulimi, ndiyo maana hata leo hujui kunyamaza." Kicheko. Mheshimiwa amekunywa maji.)

Asante mama. Nashukuru kwa kumbukumbu hizo za kihistoria. Mhimili wa nne ni furaha. Ndugu wananchi, tulifanya sensa ya furaha. Tuligawa fomu kwa kila kaya, swali moja tu, lugha nyepesi: "Je, una huzuni?" Anayejibu hapana anaweka saini. Anayejibu ndiyo anaambatanisha kitambulisho, picha mbili, barua ya mwenyekiti wa mtaa na maelezo ya mashahidi wawili walioiona huzuni hiyo kwa macho. Matokeo yametushangaza hata sisi. Furaha katika kijiji cha Sebzor imefikia asilimia mia moja na nne. Hizo nne za ziada ni wageni waliokuwa wakipita.

Mhimili wa tano ni upweke, ambao ni adui mkubwa wa afya, kuliko sigara, kuliko mafuta ya mkia wa kondoo. Tulitangaza kwamba mwenye upweke ajitokeze ofisini. Wakaja wanawake tisa. Tisa! Wameongozana! Sasa nawauliza nyinyi wenyewe, mtu mpweke anakujaje na wenzake wanane? Tuliwarudisha, na upweke ukafutwa rasmi kwenye rejista tarehe ishirini na mbili Mei.

(Hakuna makofi. Qimmat alikuwa anamenya mbegu za alizeti.)

Nisiseme maneno matupu, nitoe mfano hai. Nina hapa faili la mkazi wa kijiji hiki, naye yuko mbele yetu, pale pembeni ya Bi Sadbarg, mwenye kitambaa cha buluu. Naomba asisimame, ajisikie huru. Nizora, binti wa Sadbarg, miaka ishirini na sita. Mume yuko Urusi kwenye ujenzi. Mwezi Februari mume alipiga simu kutoka huko akamwacha kwa talaka tatu, mazungumzo ya sekunde arobaini, mtandao ulikuwa mzuri. Hali ya mhusika mwezi Machi: analia, anapiga kelele, anatukana. Hali ya mhusika kuanzia mwisho wa Aprili hadi leo: mtulivu. Hapigi kelele. Halii. Haongei kabisa. Ndugu wananchi, Kamati inaitwa ya Utulivu, na huyu hapa ndiye utulivu wenyewe, ameketi kwenye kiti. Kabla kituo hakijafunguliwa! Je, kikifunguliwa itakuwaje?

(Hapa Bi Sadbarg amesimama. Nayaandika aliyoyasema kama alivyoyasema: "Huo si utulivu, we Saidmurod! Huo ni ugonjwa, na unaujua. Alipoachwa alikuwa hali chakula, halali usingizi, lakini Ijumaa alikuja tanurini na unga wake. Akauchapa ule unga, akamtukana mumewe, sisi tukamsaidia kumtukana, Oymo akamtukana hadi mama mkwe, binti akacheka, akala mkate palepale wima, akarudi nyumbani akalala. Ijumaa nyingine vivyo hivyo. Alikuwa anapona! Mkaja na nyundo. Tangu siku ile mwanangu hajafungua kinywa, siku tisini na tatu leo, nazihesabu mimi. Anakonda mbele ya macho yangu. Mimi si mtu wa mihimili. Nataka unijibu neno moja: utamtibu mwanangu au hutamtibu?" Nizora alikuwa anatazama viatu vyake.)

Mama. Mama yangu. Hilo ni swali zuri sana. Nalipokea. Tena niwahakikishie kwamba jibu lake lipo, limeandaliwa na wataalamu, limeandikwa kwa mashine, na liko ukurasa wa kumi na nne. Sasa tuko ukurasa wa sita. Tukiruka kurasa tutakuwa tumevunja utaratibu, na utaratibu ni mhimili wa sita.

(Bi Sadbarg ameketi. Amemnong'oneza kitu Bi Oymo. Bi Oymo amemshika Nizora mkono, wakaondoka pamoja na wanawake wengine wanne, wakaenda nyuma ya jengo.)

Naona akina mama wameshaanza kuelekea kituoni, hongereni, msisukumane, foleni itapangwa. Basi niwaelezee jengo lenyewe mnaloliona hapa nyuma yangu.

(Nieleze kwa anayesoma kumbukumbu hizi na hakuwepo. Nyuma ya Mheshimiwa kuna mlango mmoja, mpya, wa rangi ya kijani, kwenye fremu yake, umefungwa utepe mwekundu na kusimamishwa kwa nguzo mbili. Nyuma ya mlango kuna turubai kubwa lenye picha ya jengo la ghorofa tatu. Nyuma ya turubai ni pale palipokuwa na tanuri.)

Ghorofa tatu, ndugu wananchi! Vyumba arobaini! Kutakuwa na chumba cha kulilia chenye feni, chumba cha kuchekea chenye msimamizi, chumba cha kusahaulia ambacho ramani yake kwa sasa haipatikani, ukumbi wa kupumua kwa zamu, na dirisha la malalamiko, ambalo kwa sababu za kiusalama litakuwa ghorofa ya tatu, ngazi zitafuata katika awamu ya pili. Mtaalamu wa akili atafika kila mwezi, siku ya Jumanne itakayoangukia tarehe thelathini na moja. Vitanda ni vya chuma. Madirisha yanatazama milima, na milima imeshawasili.

(Upepo umevuma, ghorofa ya tatu ikajikunja juu ya ya pili. Qimmat amekimbia kuinyoosha. Wakati huohuo mkokoteni wa punda umepita nyuma ya jengo ukitokea zizini kwa Bi Sadbarg, umebeba kitu kikubwa cha mviringo kilichofunikwa blanketi, wanaume sita wakikishika kwa uangalifu. Mimi niliagizwa kuandika maneno na kelele. Mizigo sikuagizwa.)

Mnaona? Hata vifaa vinaendelea kupokelewa wakati mimi nazungumza, hiyo ndiyo tunaita kasi. Kuna watu, sitawataja, na wako wanne na wanakaa Mtaa wa Juu, waliosema kwamba mradi huu ni maneno. Nawauliza, maneno yana mlango? Mimi nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika idara sita, na kila idara niliyoondoka wafanyakazi wake waliniaga kwa furaha. Niliongoza kampeni ya maji, niliongoza kampeni dhidi ya maji mengi, niliongoza tume ya kuchunguza kampeni zote mbili na nikajikuta sina hatia. Kwa hiyo ninaposema akili zenu ziko mikononi mwangu, laleni usingizi, saa nane, kama ilivyoelezwa kwenye mhimili wa kwanza.

(Kutoka nyuma ya jengo imesikika sauti ya koleo, kisha udongo ukipondwapondwa kwa mikono, kisha mzee fulani akisema: "Inua kidogo. Kidogo, nimesema! Hivyo hivyo.")

Mafundi wanamalizia. Mhimili wa saba ni mahusiano mema kazini. Mhimili wa nane ni...

(Ameusoma mhimili wa nane kwa dakika hamsini. Nimeuandika kwenye karatasi za pembeni, mwenye shida nazo aje nyumbani kwangu. Wakati anausoma moshi ulianza kutoka kwenye ghorofa ya pili.)

...na kwa moshi ule mnaouona, nithibitishe kwamba jiko la kituo linafanyiwa majaribio. Moshi huo ni tofauti kabisa na ule tulioupiga marufuku. Huo wa zamani haukuwa na mpango, huu una...

(Hapa ilitufikia harufu. Mkate wa ngano ya kwetu, na ufuta, na maji ya chumvi yakikauka juu ya ukuta wa moto. Miezi mitatu tulikuwa hatujaisikia. Wanaume wameanza kuinuka mmoja mmoja bila kujua wanainukia nini. Mwalimu Mkuu amefumba macho. Mheshimiwa ameacha sentensi katikati.)

...una... Samahani. Nilikuwa wapi? Ndiyo. Mhimili wa tisa. Mhimili wa tisa ni kutokuwa na njaa wakati wa hotuba. Tuuache. Ndugu wananchi, sasa tumefika pale mlipokuwa mnapasubiri kwa hamu, hususan Bi Sadbarg: ukurasa wa kumi na nne, wenye majibu yote. Ukurasa wa kumi na tatu huu hapa. Na huu ni... huu ni jalada. Qimmat! Ukurasa wa kumi na nne uko wapi?

(Qimmat ametazama mkononi mwake. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa umeviringishwa bomba, umejaa mbegu za alizeti. "Samahani mkuu," amesema, "nilidhani ni zile kurasa ambazo huwa hatuzifikii." Mheshimiwa ameukunjua. Ulikuwa na mstari mmoja: JIBU LITATOLEWA WAKATI WA UZINDUZI. Ameusoma kimoyomoyo, mara mbili. Mimi nilikuwa karibu, nikaona.)

Jibu... jibu limo ndani! Naam! Vitendo, si maneno! Wataalamu wamependekeza kwamba badala ya kulisoma jibu tulifungue. Naomba mkasi. Naomba pia mgonjwa wetu wa mfano, Nizora, aje aingie nami awe wa kwanza... Hayupo kwenye kiti? Basi nitaingia kwa niaba yake. Kwa mamlaka niliyopewa na mimi mwenyewe, nakifungua rasmi kituo hiki!

(Amekata utepe. Amesukuma mlango, haukufunguka, kwa sababu ulikuwa wa kuvuta. Ameuvuta. Amepita, amelivuta turubai, likaanguka lote na ghorofa zake. Tanuri lilikuwa pale. Bi Sadbarg alikuwa amelifinyanga zizini tangu mwezi Juni, udongo na manyoya ya mbuzi, akalikausha taratibu akingoja siku ambayo wakubwa watakuwa wametazama upande mwingine, na hakuna siku wakubwa wanatazama upande mwingine kama siku ya hotuba. Wanawake walikuwa wamepiga magoti kulizunguka, unga hadi kwenye nyusi. Aliyekuwa ameinama, mkono umefungwa kitambaa, mwili nusu ndani ya tanuri akiubandika mkate ukutani, alikuwa Nizora. Mheshimiwa amenyanyua mikono na kuanza: "Na huyu hapa, ndugu wananchi, ndiye..." Nizora ameinuka, amemtazama miguuni, amesema: "Toa mguu. Unakanyaga unga."

Kila mtu alisikia. Kwetu mtu hakanyagi unga, hata mlevi haukanyagi. Mheshimiwa ameruka kando kama aliyekanyaga kaa la moto. Nizora akaendelea, sauti ikikwaruza, maana haikuwa imetumika siku nyingi: "Na hilo joho la juu litashika moto. Kwani mlivua nguo za kijiji kizima mkamvika huyu? Oymo, leta ungo. Mama, mbona umekaa hapo chini?" Bi Sadbarg, aliyekuwa amemfuata Mheshimiwa mlangoni, alikuwa ameketi mavumbini, amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanamtikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Mimi nililia. Naliandika hilo kwa sababu niliagizwa nisipunguze.

Nizora ameutoa mkate wa kwanza, ameupuliza, ameumega na kumpa Mheshimiwa kipande na chumvi, kwa sababu ni mgeni. Katikati ya mkate kulikuwa na nakshi ya maua manane na mwezi. Bi Sadbarg amesema kutoka pale chini: "Huo ni muhuri wa kumi na nne. Tume yako haikunipekua kifuani." Mheshimiwa ameitazama nakshi. Amesema, polepole, "Wa mama." Ametafuna. Amenyamaza dakika moja na nusu, nimeipima kwa saa yangu, ni mara ya kwanza leo. Kisha, kwa masikitiko, amerudi kwenye kipaza sauti.)

Ndugu wananchi! Mmejionea! Mhusika ameongea! Sentensi kadhaa, mojawapo kunihusu mimi! Dakika nne baada ya uzinduzi, mgonjwa amepona kwa asilimia mia, jambo lisilowahi kutokea katika historia ya majengo! Ndugu katibu, andika, uweke na tarehe! (Nimeandika.) Afya ya akili! ("Juu!" Qimmat.) Upweke! ("Chini!" Qimmat.) Mazungumzo yasiyo na mwenyekiti! ("Juu!" Wanawake wote, kwa mara ya kwanza, hadi punda akashtuka.)

Nimalizie kwa shukrani, na samahani, bado natafuna. Namshukuru mkandarasi, ambaye kwa unyenyekevu wake hajawahi kufika. Namshukuru msanifu aliyechora jengo hili, na ambaye kazi yake, kama ilivyokubaliwa tangu mwanzo, ilikuwa kuchora tu. Nawashukuru wauguzi kumi na wawili, ambao nafasi zao zingetangazwa kama zingekuwepo. Na zaidi ya yote naushukuru mlango huu wa kijani, mtumishi hodari wa umma, ambao nimekwisha kuufungua katika vijiji tisa, Sebzor mkiwa wa kumi, bila kulalamika wala kuhitaji kuta. Na naomba ukabidhiwe kwa Qimmat aupakie garini pamoja na ghorofa zake, kwa sababu Ijumaa natakiwa kuufungua Dehi Bolo. Asanteni sana. Je, kuna mkate mwingine?

(Palikuwa na mwingine. Amekula mitatu, amevua majoho mawili, amelala kwenye kivuli cha gari saa nzima. Qimmat aliporudi kuuchukua mlango hakuuona, akauliza, kila mtu akamwelekeza upande wake. Kuni za matawi ya aprikoti zilikuwa zimetuishia, na Sebzor nzima ilikuwa kwenye foleni na unga wake. Nizora ndiye aliyeshika shoka. Bi Sadbarg alisema tukwangue rangi kwanza, afya ni muhimu.)